Mkia wa Mjusi wa Stawcombe

Thurso, mwisho wa Uskoti
2 Machi 1852

Dada yangu Thirza,

Leo ni miezi kumi na moja na siku tisa tangu nilipowaacha pale mlangoni, Baba akiwa ameangalia upande wa pili ili asinione naondoka. Nahesabu kwa sababu huku hakuna kingine cha kuhesabu ila mvua. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Kifua cha Baba kimetulia? Shangazi Hester bado anagombea kiti chake kanisani? Na yule nguruwe, mmemchinja, au Baba amemwonea huruma tena kama mwaka juzi?

Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Tunapasua mawe ufukweni tangu kunakucha, tukitafuta samaki waliogeuka mawe kwa ajili ya kitabu kipya cha Bwana Kelway, na upepo wa huku unaingia hadi kwenye meno. Asubuhi tunakula uji wa oti, mchana samaki wa heringi, jioni ule ule uji wa asubuhi umeshaganda na kukatwa vipande kama jibini. Mama Gunn mwenye nyumba ananiambia nishukuru.

Bwana Kelway naye ni mzima kwa namna yake. Unajua anavyolamba mawe ili ajue lipi ni mfupa na lipi ni jiwe tupu, maana mfupa hunata kwenye ulimi. Juzi Mama Gunn alimkuta amepiga magoti njiani analamba, akaniita pembeni: "Jabez, huyu bwana wako ulimpa kifungua kinywa kweli?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini hapa wanamheshimu. Wanajua kwamba alikuwa anapima vitambaa kwenye duka la baba yake kule Taunton, na kwamba leo jina lake limo kwenye vitabu. Hakupelekwa chuo. Alisoma chini ya kaunta wateja wakimngoja, mpaka baba yake akamfukuza. Miaka kumi alizunguka machimbo yote ya kwetu na mfuko wa turubai, akichekwa. Kisha akapata yule mjusi wa bahari wa kale, aliyegeuka jiwe, kutoka machimbo yetu, mwenye mkia bapa kama kasia, ambao hakuna aliyewahi kuuona. Mjusi huyo ndiye aliyemfanya mtu.

Sasa nieleze lililonifanya nishike kalamu. Kuna Daktari Strode huko London. Ameandika kwamba mkia ule na mwili ule haviwezi kuwa vya mnyama mmoja. Bwana Kelway amekasirika, na ni haki yake. Tarehe 16 Juni atasimama mbele ya chama cha mabwana wa mawe, jiwe lenyewe litapelekwa kutoka nyumba ya makumbusho ya Bath, na anataka nisimame pembeni yake niape, kama mtoto wa machimbo yale, kwamba mjusi alitoka ardhini mzima.

Nimemwambia ndiyo. Kisha nikakumbuka kwamba sikuwapo. Wiki ile nilikuwa nimelala na homa, ile ile iliyomchukua Mama. Hata jiwe lenyewe sikuliona. Nilipoamka lilikuwa limeshafungwa kwenye sanduku. Ninyi ndio mlilitoa. Niambie tu: lilikuwa zima?

Kaka yako,
Jabez


Stawcombe, Somerset
30 Machi 1852

Kaka Jabez,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Baba anakohoa asubuhi, mchana anasahau kwamba anaumwa. Nguruwe yupo. Baba anasema bado mdogo, na sasa hapiti mlangoni kwa unene. Shangazi Hester amekipata kiti chake, na sasa analalamika kwamba kina baridi. Nimefyeka majani kaburini kwa Mama na kupanda maua yale meupe. Mvua huku ni ya kawaida.

Natumaini viatu vyako bado vinazuia maji huko. Usisahau kuvipaka mafuta ya kondoo.

Hilo la jiwe ni la miaka sita. Nilimsomea Baba barua yako. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Jiwe ni jiwe," akatoka kwenda kumlisha nguruwe. Mimi nakwambia hivi: usiape juu ya kitu ambacho hukukiona. Na kama bwana wako anakusikiliza, mwambie asiende London. Samaki aliowapata huko hawamtoshi?

Nakutumia soksi mbili. Ya kushoto ina kasoro.

Thirza


Thurso
21 Aprili 1852

Thirza,

Soksi zimefika na ninazivaa zote mbili pamoja na kasoro yake. Nimefurahi kusikia Baba anaendelea vizuri. Mwambie huku kuna mzee wa miaka themanini anayebeba mwani mgongoni, na yeye ana sitini tu, aache kujifanya mzee. Nimeanza kukohoa kidogo mimi pia, lakini ni moshi wa mboji wanayochoma hapa badala ya kuni.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu habari za nguruwe. Siku mbili nzima niligeuza barua yako nikidhani kuna karatasi imebaki kwenye bahasha.

Basi sikiliza kilichotokea. Wiki iliyopita posta ilileta kitabu cha Bwana Kelway, ili ajiandae. Ndani kuna picha ya mjusi, imechorwa kubwa hadi karatasi imekunjwa mara tatu. Aliitandaza juu ya kitanda changu, maana chake kimejaa mawe.

"Tazama hapa Jabez, kwenye mfupa wa saba wa mkia. Unaona nini?"

"Mikato, bwana."

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu! Imelingana kama imepimwa. Hakuna mjusi mwingine duniani mwenye alama hii. Nimeiandikia kurasa nne. Nadhani mshipa wa damu ulipita hapo. Strode ataitafunaje hii?"

"Sijui, bwana."

"Mbona huna furaha?"

"Ni magoti, bwana."

Thirza, ni alama yako. Baba huweka mkato mmoja, marehemu mjomba Job aliweka miwili, na ya kwako ni mitatu tangu ulipofundishwa kuchemsha gundi. Nilikaa na kuitazama hadi macho yakauma. Kwetu mjusi akitoka bila mkia anawekewa mkia, na akikosa pezi la kuogelea anatafutiwa kwenye lundo la mifupa. Gundi ya ngozi, vumbi la jiwe la buluu, na mkato wa kumwambia mnunuzi: hapa tumeunga. Hatukuwahi kuuita uongo, kama fundi viatu asivyoita uongo soli mpya. Wachuuzi wote wa Bristol wanaijua alama. Tulidhani bwana mwenye vitabu anajua zaidi yao. Kumbe yeye aliiona, akaipenda, akaiandikia kurasa nne!

Sasa nimechanganyikiwa na sina wa kumuuliza ila wewe. Mtu huyu alinifundisha kusoma vizuri, jioni kwa jioni, bila kunicheka. Nikinyamaza, ataingia mbele ya mabwana wale akiwa amejiamini, na Strode atachukua maji ya moto na kisu, na gundi itaachia mbele ya watu mia mbili. Watasema ni muuza vitambaa aliyeshona mjusi. Nikimwambia, namuua mimi mwenyewe kwa mkono wangu, hapa, kabla ya Strode. Na wewe je? Watasema umemwibia.

Labda nimekosea. Labda mkia ni wake wa kweli, ulikatika tu, nawe ukaurudisha mahali pake. Hilo likiwa kweli tumepona wote. Niandikie hilo, kama ni kweli. Kama si kweli niandikie ulikoutoa. Nataka jibu kabla ya Juni.

Jabez


Stawcombe
16 Mei 1852

Kaka Jabez,

Hatujambo. Baba hajambo. Nguruwe amekufa mwenyewe, kwa uzee nadhani, na Baba hakutaka tumle. Alimzika nyuma ya banda na kusema tusimwambie mtu. Sasa wewe umejua. Shangazi Hester anakusalimu, anauliza kama huko kuna makanisa.

Nimeanza barua hii mara nne. Mara ya kwanza niliandika kwamba mkia ni wake wa kweli. Niliitia motoni.

Mkia si wake. Niliuunga mimi. Wala sikumwibia mtu, alama niliiweka wazi, ndefu kuliko kawaida, na Bwana Kelway alipokuja alipitisha kidole chake juu yake akatabasamu. Nikasema moyoni, ameielewa. Baba naye alisema ameielewa. Tulimsifu kwa jinsi alivyoipokea bila kubishana bei.

Unataka kujua nilikoutoa. Hili sikutaka kukuambia, si kwa sababu ya Bwana Kelway, bali kwa sababu wewe hukuwapo siku ile, na tulikubaliana tukuache na yale unayoyajua.

Unajua kwamba kwetu kaburi la mke wa mchimbaji halichimbwi na mikono ya mgeni. Baba na mjomba Job walichimba la Mama wenyewe. Walipofika usawa wa kifua wakakuta mwamba wa buluu. Mchungaji akasema inatosha, Baba akasema haitoshi. Wakaingiza kabari ili jeneza lilale sawasawa. Bamba la kwanza lilipopasuka, mkia ulikuwa ndani yake, mweusi, unang'aa, kila mfupa mahali pake. Sehemu iliyobaki ya mnyama ilikuwa inaingia chini ya mwamba, chini ya pale pale Mama alipotakiwa kulala.

Mjomba Job akasema, "Enos, huyu ni mkubwa. Tumtoe kwanza. Kesho tutazika."

Baba akasema, "Mwache. Yeye ndiye aliyetangulia kufika. Watalala pamoja."

Kwa hiyo Mama yuko juu yake. Bamba lenye mkia lilikuwa limeshatoka na hakuna aliyejua lipelekwe wapi, nikalibeba kwenye aproni. Sikulia siku ile. Watu walinisema. Nilikuwa nimebeba jiwe. Siku tano baadaye Bwana Kelway akaleta habari kwamba anakuja kumtazama yule mjusi asiye na mkia aliyekuwa uani, ambaye Baba alimtoa machimboni ulipokuwa umeshaanza kuugua. Nikachemsha gundi. Usiniulize kwa nini. Wewe ulikuwa kitandani hujitambui, Mama hayupo, na mikono yangu ilitaka kazi. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya.

Nimekwenda Bath mara mbili kuitazama. Watu wanaopita hudhani natazama mjusi.

Mwambie kwamba mkia umeungwa, ni haki yake kujua. Mwambie ni mimi. Lakini mahali usimwambie. Mabwana wale wangemfukua hata mfalme.

Thirza


Thurso
19 Julai 1852

Dada yangu,

Nawasalimu wote. Pole kwa Baba kwa ajili ya nguruwe, mwambie sitamcheka. Kikohozi changu kimeisha. Barua yako nilichelewa kuipata, tulikuwa tumehamia kwenye majabali ya Dunnet na posta haifiki huko. Niliipokea tarehe 2 Juni, tuliporudi kwa Mama Gunn. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena tangu mwanzo, hata salamu za Shangazi. Sitaandika nilivyojisikia juu ya Mama. Nitakuja kusema mdomoni.

Nilimwambia siku ile ile. Tulikuwa chini ya jabali, yeye ameshika samaki wa jiwe.

"Bwana, ule mkia umeungwa. Ile mikato mitatu ni alama ya dada yangu. Maana yake ni kwamba hapa tumeunga, ili mnunuzi asidanganyike."

Akamweka chini yule samaki. Kisha akasema, "Kwa hiyo niliambiwa."

"Ndiyo, bwana."

"Niliambiwa waziwazi, nikapitisha kidole juu yake."

"Ndiyo, bwana."

Alicheka, Thirza, lakini si kicheko cha kusikiliza. Halafu uso wake ukageuka kabisa. "Subiri. Kama mkia si wa mjusi huyu, ni wa nani? Mkia ule haupo kwenye kitabu chochote! Basi ni mnyama mpya kweli kweli. Dada yako aliutoa wapi?"

Nikasema sijui. Siku tatu aliniuliza, kwenye uji, njiani, mlangoni mwa choo. "Jabez, nikiwa na mwili wake, Strode mwenyewe atanivulia kofia. Nisipokuwa nao, mimi ni muuza vitambaa aliyechezewa na msichana mwenye chungu cha gundi. Kazi yangu yote ya miaka kumi na sita iko hapo." Alikuwa anasema kweli. Siku ya nne nikashindwa. Nikamwambia: uko chini ya mama yangu.

Nisamehe. Uliniomba jambo moja.

Nilidhani atavua kofia. Akauliza, "Futi ngapi?"

Nilitupa vifaa vyote mchangani nikaondoka. Mama Gunn alinipa uji bila kuniuliza, ndipo nikajua sura yangu ilivyokuwa. Asubuhi Bwana Kelway alikuja akasimama mlangoni, hajanyoa. "Jabez, swali lile la jana silo nililotaka kuuliza." Nikamwambia, "Lakini ndilo lililotoka, bwana." Akaitikia kwa kichwa. Mchana alipanda meli kwenda London, peke yake. Hakuniomba tena niape. Mwezi mzima sikujua kama amekwenda London au amekuja kwenu na makoleo. Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini, na kila siku nilisema barua yako itafika ikisema amekuja. Haikufika.

Alirudi tarehe 5 mwezi huu. Amekonda. Nilimchemshia chai nikamuuliza.

"Niliwaambia mkia umeungwa, na kwamba niliambiwa nisielewe. Nikawaambia ni wa mnyama mwingine asiye na jina."

"Wakasemaje?"

"Strode akauliza mwili uko wapi. Nikasema najua ulipo."

"Ukataja?"

"Nikasema sitachimba."

"Wakasemaje, bwana?"

"Wakacheka. Mmoja akauliza kama niliukata mkia ule kwa yadi au kwa futi."

Gazeti moja limeandika mistari sita, yote mibaya. Kitabu cha samaki hakitachapishwa. Mchapaji amerudisha karatasi zake. Na yeye bado anatoka kila asubuhi kupasua mawe kana kwamba kuna mtu anamngoja. Kaka yake amemwandikia kwamba nafasi ya kaunta ipo.

Sasa niambie wewe, maana mimi kichwa kimechoka. Mtu aliyeuliza futi ngapi na mtu aliyekataa kutaja mahali mbele ya watu wale wote ni mtu mmoja. Nimemtumikia mwaka mzima na miezi, na sijui ni yupi hasa ninayempelekea chai. Je, alinyamaza kwa ajili ya Mama? Au ananyamaza ili wengine wasifike kabla yake? Kuna siku nina uhakika na la kwanza. Leo asubuhi nilikuwa na uhakika na la pili, na mchana akanipa glavu zake kwa sababu za kwangu zimetoboka.

Na ameniomba jambo. Kazi huku imekwisha, tunaondoka wote wawili. Anataka kuja Stawcombe. Anasema hatauliza kitu, hataandika kitu, anataka kusimama tu pale. Nikamuuliza, kusimama kufanya nini? Akasema, "Sijui, Jabez. Wewe husimama kufanya nini?" Mimi mwenyewe sijawahi kusimama pale nikijua Mama amelala juu ya nini.

Muulize Baba. Kama hataki, niandikie kwa posta ya Bristol, nitaichukua nikipita, na bwana atashukia hapo hapo aende zake Taunton. Nisipokuta barua nitakuja naye. Nyundo, kabari na makoleo nimeyafunga yote kwenye sanduku moja, nimelituma mbele kwenda Taunton, na yeye amenitazama nikifanya hivyo.

Tunapanda meli tarehe 6 mwezi ujao, kisha garimoshi kutoka Aberdeen. Tutafika wawili, au nitafika peke yangu, Jumamosi tarehe 14 Agosti, kabla ya chai ya jioni.

Kaka yako,
Jabez